Nguvu Farasi 400 Mara Mbili: Jinsi ya Kusoma Namba za Pikapu na Magari ya Spoti ya Marekani

Ford F-150 mpya huuzwa Marekani ikiwa na injini mbili ambazo kwenye karatasi ya muuzaji zimeandikiwa namba moja. Ya kwanza ni V8 ya lita 5.0 isiyo na turbo: nguvu farasi 400. Ya pili ni V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, ile ambayo Ford huiita EcoBoost: nguvu farasi 400 vilevile. Anayesoma namba hiyo pekee atasema ni mamoja, basi achague mlio anaoupenda. Zifungie zote mbili tela la tani nne, uzipandishe mlima, na tofauti itajitokeza mapema. V6 itapanda kwa utulivu, huku V8 ikishusha gia na kunguruma kwa mizunguko ya juu ili iende sambamba.

Magari ya Marekani hutangazwa kwa namba kubwa, na kwa kawaida namba hizo ni za kweli. Ila kila namba imepimwa mahali fulani, kwa mafuta fulani, na kwa gari lililofungwa vifaa fulani. Asiyejua masharti hayo anaweza kulipa zaidi ya dola 70,000 kwa pikapu isiyoweza kubeba saruji aliyokusudia kupakia, na hilo nitalionyesha kwa hesabu.

Tuanze na hizo injini mbili. Torki ni nguvu ya kusokota: namna injini inavyoikaza krenki, yaani mhimili wake mkuu, izunguke. Hupimwa kwa nyutoni-mita (Nm), ingawa Wamarekani wenyewe hutumia futi na ratili. Nguvu farasi ni torki ikizidishwa kwa mwendo wa krenki. Hesabu yake haina siri: chukua Nm, zidisha kwa mizunguko ya krenki kwa dakika, gawanya kwa 7,121. Jibu ni nguvu farasi za Kimarekani katika mzunguko huo.

Sasa V8 ya F-150 hufikia kilele cha torki, Nm 556, ikiwa kwenye mizunguko 4,250. V6 yenye turbo hufikia Nm 678 kwenye mizunguko 3,100 tu. Zote mbili hutoa zile nguvu farasi 400 zikifika mizunguko 6,000. Lakini nani huendesha pikapu kwenye mizunguko 6,000? Ichukue mizunguko 3,100, mahali ambapo injini ya pikapu hukaa inapovuta mzigo. V6 hapo inatoa nguvu farasi 295. V8, hata tukiipa kwa ukarimu torki yake yote kabla haijaifikia, haiwezi kuzidi 242. Pengo ni zaidi ya nguvu farasi 50, na halionekani popote kwenye tangazo.

Turbo ndiyo inayoleta tofauti hiyo. Moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inasukuma hewa nyingi zaidi kuingia ndani, hivyo petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa katika kila mpigo. V8 isiyo na turbo hutegemea hewa inayojivuta yenyewe, na kwa hiyo hulazimika kuzunguka haraka ili kufidia. Gharama ya turbo huja pale unapoitumia kweli. Kwenye barabara tambarare bila mzigo injini ndogo inakunywa kidogo. Ukifunga tela zito, ule uchumi unaotajwa kwenye karatasi hutoweka, kwa sababu V6 inayofanya kazi ya V8 inahitaji mafuta ya V8, na joto linalozalishwa ni lazima litolewe na rejeta na kipozea oili.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa nyanda za juu analihitaji kuliko msomaji wa Detroit. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya vivyo hivyo. Ile V8 ya nguvu farasi 400 ikifika huko hubaki na kama 335. Injini ya turbo inaweza kuizungusha feni yake kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam au Mombasa jambo hili halina uzito mkubwa. Kwa anayeishi Iringa, Eldoret au Kigali, lingekuwa la kwanza kuangalia.

Nguvu farasi zenyewe zina historia inayowachanganya wengi wanaolinganisha magari ya zamani na mapya. Hadi mwaka 1971 kampuni za Marekani zilikuwa zikitangaza nguvu za injini iliyopimwa peke yake juu ya meza: bila ekzosi kamili, bila vifaa vingi vinavyoendeshwa na mkanda. Kuanzia magari ya 1972 zikaanza kutangaza nguvu za injini ikiwa na vifaa vyake vyote kama inavyokaa ndani ya gari. Corvette, gari la spoti la Chevrolet, ikiwa na injini ya LT-1, ilishuka kwenye karatasi kutoka nguvu farasi 330 hadi 255, na injini ilikuwa karibu ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia V8 za zamani zilizidi za leo, mwulize namba yake ni ya mwaka gani. Kisha zikaja kanuni za moshi na bei ya mafuta ikapanda, na kufikia 1975 Corvette ya kawaida ilikuwa na nguvu farasi 165. Corvette ya kawaida ya leo ina 490.

Turudi kwenye pikapu, maana huko ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa.

Namba inayopendwa kuliko zote kwenye matangazo ni uzito wa tela ambalo gari linaweza kuvuta. F-150 ya 2024 inatajwa kuvuta hadi kilo 6,123, wakati Hilux ya dizeli ya lita 2.8 inaishia kilo 3,500. Zamani kila kampuni ya Marekani ilijipimia yenyewe kwa njia iliyoipenda, na kila mwaka kila moja ilidai kumshinda mwenzake. Hatimaye SAE, chama cha wahandisi wa magari, kikaweka kipimo kimoja kinachojulikana kama J2807. Toyota ilikuwa ya kwanza kukikubali kwa pikapu yake ya Tundra ya 2011. Ford, General Motors na Ram wakafuata kwa pikapu zao za daraja la F-150, kuanzia magari ya 2015.

Kipimo hiki ni kizuri na kinastahili kueleweka. Sehemu yake ngumu zaidi ni mlima wa Davis Dam huko Arizona, barabara inayopanda kutoka bonde la Mto Colorado kwa kilomita 18 na ushee. Gari linapandishwa likiwa na tela lenye uzito wote unaotangazwa, joto la nje likiwa nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, na haliruhusiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Injini isichemke, giaboksi isiungue. Kwenye barabara tambarare, gari hilohilo na tela lake lazima lifike kilomita 97 kwa saa ndani ya sekunda 30. Pikapu ikifaulu hayo, injini yake, rejeta yake na giaboksi yake ni za kuaminika.

Lakini angalia nani yuko ndani ya gari wakati wa jaribio: dereva na abiria mmoja, kila mmoja akihesabiwa kilo 68. Hakuna watoto kiti cha nyuma, hakuna jenereta kwenye karai la mizigo nyuma, hakuna madumu. Na ile kilo 6,123 ni ya F-150 yenye injini ya V6 ya turbo pamoja na kifurushi maalumu cha kuvutia tela. F-150 iliyoegeshwa uani kwa muuzaji, yenye paa la kioo na viti vya ngozi vinavyopuliza hewa, huenda isifike hapo.

Fungua mlango wa dereva wa pikapu yoyote iliyouzwa Marekani. Kwenye nguzo, chini ya komeo, kuna kibandiko cheupe chenye ukanda wa njano. Kinaonyesha upepo wa matairi, na juu yake kuna sentensi moja inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilohilo ulilolisimamia, pamoja na vifaa vyote lililotoka navyo kiwandani. Gari la jirani yake la rangi ileile linaweza kuwa na namba tofauti kwa kilo 150. Kila kifaa cha anasa kilichoongezwa kimekula sehemu ya mzigo.

Na hapa ndipo uzito wa tela unapokutana na uzito wa mzigo. Tela halivutwi tu; linaukalia mkia wa gari. Kwa tela la kawaida, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hutua kwenye kiungio, na zikipungua tela huanza kuyumba ukikimbia. Uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Chukua pikapu ambayo kibandiko chake kinasema kilo 750, namba ya kawaida kabisa kwa pikapu ya kifahari. Mfungie tela la kilo 5,000, ambalo tangazo linasema analiweza. Kwa asilimia 12.5, kilo 625 zimeshakaa kwenye mkia. Zimebaki 125. Hapo anaingia dereva na pengine mtu mmoja mwembamba, na mkoba wa zana unabaki nyumbani. Injini ingelivuta tela hilo bila shida. Springi za nyuma, ekseli na matairi ndivyo vilivyofika mwisho kwanza. Kwa maoni yangu kibandiko hicho ni ukurasa wa maana kuliko broshua nzima, na ninashangaa jinsi wauzaji wanaokionyesha walivyo wachache.

Sasa ile hesabu ya saruji niliyoahidi. Ram 1500 TRX, iliyoingia sokoni kwa bei inayozidi dola 70,000, ilikuwa na V8 ya lita 6.2 yenye supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe) na nguvu farasi 702. Uzito wake wa juu wa kubeba ulikuwa kilo 594. Weka dereva na utingo wake, kilo 150 kwa pamoja. Zimebaki 444: mifuko minane ya saruji ya kilo 50. Hilux inayobeba tani moja, ikiwa na watu haohao, inachukua 17.

Hakuna aliyedanganywa. TRX, na Ford F-150 Raptor ambayo nayo hubeba takriban kilo 630 tu, zimeundwa kukimbia jangwani. Springi zake ni laini na za koili, gurudumu la TRX linaweza kupanda na kushuka kwa sentimita 33 hivi, na shokapu zake zimetengenezwa zistahimili kuruka matuta kwa kasi bila oili yake kuchemka. Springi inayoweza kumeza shimo kwa kasi ya kilomita 100 haiwezi wakati huohuo kuwa ngumu ya kubeba tani. Mhandisi alichagua, na aliyenunua kwa ajili ya mchanga wa Oman amepata kitu ambacho Hilux haiwezi kumpa. Aliyenunua kwa ajili ya kazi ya ujenzi amenunua kifaa cha kazi nyingine.

Ram pia ndiyo iliyotoa tukio linaloonyesha kwamba wanunuzi hawafuati namba peke yake. Kwenye magari ya 2025 iliiondoa V8 ya Hemi ya lita 5.7 katika Ram 1500, ikaweka injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.0, turbo mbili, iitwayo Hurricane. Kwa hesabu, mpya ilikuwa bora. Toleo la kawaida lilitoa nguvu farasi 420 na Nm 636, dhidi ya 395 na 556 za Hemi. Toleo la juu lilifika 540. Silinda sita kwenye mstari pia husawazisha mitetemo yake zenyewe kwa namna ambayo V6 haiwezi. Wateja wengi walikataa. Walitaka V8, na mwaka 2025 Ram ikatangaza kwamba Hemi inarudi kwenye magari ya 2026. Mimi ningechukua Hurricane kwa kuvuta tela milimani. Lakini namwelewa anayeitaka Hemi: ni injini iliyokaa sokoni miaka mingi, mafundi wanaifahamu, na haina turbo ya kubadilisha baada ya kilomita laki mbili.

Kuhusu umeme, kuna mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. La kwanza ni haiburidi. F-150 PowerBoost ina ileile V6 ya turbo, pamoja na mota ya umeme iliyowekwa ndani ya giaboksi, na jumla yake ni nguvu farasi 430 na Nm 773. Mota hutoa torki tangu gari linapoanza kusogea, kabla turbo haijajaa. Kilichonivutia zaidi ni soketi zilizomo kwenye karai lake, zenye uwezo wa hadi kilowati 7.2. Februari 2021 baridi kali ilipokata umeme Texas, wenye pikapu hizi walizigeuza kuwa jenereta za nyumba zao, na Ford ikawaomba wauzaji wake huko watoe zile walizokuwa nazo zisaidie watu. Kwa fundi wa kuchomelea anayefanya kazi mbali na nguzo ya umeme, soketi hizo zina thamani kuliko nguvu farasi 30 za nyongeza.

La pili ni pikapu ya umeme mtupu. F-150 Lightning iliyotoka 2022 ilikuwa na Nm 1,051 na toleo lake la betri kubwa lilipimwa kwenda kilomita 515 kwa chaji moja. Mfungie tela refu lenye umbo la sanduku, umbali huo hukaribia nusu. Sababu ni upepo kuliko uzito: tela la sanduku linausukuma ukuta wa hewa, na ukienda kilomita 100 kwa saa hewa ndiyo mzigo mkubwa. Pikapu ya petroli hupata adhabu hiyohiyo, ila hujaza tangi kwa dakika tano. Desemba 2025 Ford ilitangaza kuachana na Lightning ya umeme mtupu na kuelekea kwenye ile itakayoendeshwa na mota za umeme huku injini ya petroli ikichaji betri safarini. Kwa gari la kuvuta, nadhani huo ni mpango wenye akili zaidi.

Tugeukie magari ya spoti, ambako namba inayotawala ni sekunda za kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97.

Namba hii ina ukomo ambao nguvu farasi haziwezi kuuvunja. Gari linasukumwa na matairi yanayoshika lami. Tairi nzuri ya barabarani kwenye lami kavu inaweza kusukuma gari kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari lenyewe, na si zaidi sana. Ukipiga hesabu kwa mchapuko huo, kufika maili 60 kwa saa kunahitaji sekunda 2.7. Injini iwe na nguvu farasi 600 au 6,000, matairi hayohayo yatateleza yakilazimishwa kupita hapo.

Ukilijua hilo, familia ya Chevrolet Corvette inasomeka vizuri. Corvette ya kawaida, nguvu farasi 490 au 495 ikiwa na ekzosi ya mbio, inatajwa kufika maili 60 kwa sekunda 2.9. Z06 yenye 670 inatajwa kwa 2.6. ZR1 yenye turbo mbili na nguvu farasi 1,064 inatajwa kwa 2.3. Nguvu zimezidi mara mbili, na kilichookolewa ni sekunda 0.6. Halafu tazama E-Ray, ambayo ina mota ya umeme inayozungusha magurudumu ya mbele. Nguvu zake ni 655, pungufu ya Z06, na ni nzito kuliko Z06, lakini inafika kwa sekunda 2.5. Imeshinda kwa sababu matairi manne yanasukuma badala ya mawili.

Nguvu za ZR1 hujitokeza baadaye, pale ambapo mshiko hauzuii tena. Kwenye mita 402, robo maili ya mashindano ya Kimarekani, Corvette ya kawaida hutumia sekunda 11.2 na ZR1 hutumia 9.6. Oktoba 2024 ZR1 ilifikishwa kilomita 375 kwa saa kwenye njia ya majaribio ya Papenburg, Ujerumani, na aliyeshika usukani alikuwa rais wa General Motors mwenyewe, Mark Reuss.

Unaweza kuuliza: hizo sekunda 2.3 zimewezekanaje kama ukomo ni 2.7? Sehemu ya jibu ni matairi laini kuliko ya kawaida na hewa inayolikandamiza gari chini. Sehemu nyingine ni desturi ya viwanja vya mbio vya Marekani, ambako saa haianzi gari linapotikisika. Inaanza baada ya gari kusogea futi moja, karibu sentimita 30. Kampuni nyingi na magazeti mengi ya magari ya huko hufuata desturi hiyo, na peke yake inaweza kupunguza sekunda 0.2 au 0.3. Ukilinganisha gari la Marekani lililopimwa hivyo na la Ulaya lililopimwa tangu kusimama kabisa, unayalinganisha kwa saa mbili tofauti.

Mfano uliokithiri ni Dodge Challenger Demon 170 ya 2023, iliyotajwa kufika maili 60 kwa sekunda 1.66. Ni kweli, kwa masharti haya: futi ya kwanza haihesabiwi, lami imepakwa gundi ya mashindano, matairi ni ya mbio za moja kwa moja. Na zile nguvu farasi 1,025 hupatikana likinywa E85, mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli. Likijazwa petroli ya kawaida ya pampu za Marekani, zinashuka hadi 900. Gari moja, namba mbili, zote halali.

Uhandisi unaonivutia kuliko wote katika kundi hili ni injini ya Z06. Lita 5.5, silinda nane, haina turbo, na inazunguka hadi 8,600 kwa dakika. Torki yake ya juu ni Nm 624, chini ya ile PowerBoost ya pikapu yenye 773. Nguvu farasi 670 zinatokana na mwendo: kwenye mizunguko 8,400 injini bado inatoa Nm 568, na ukizipitisha kwenye hesabu ya 7,121 unazipata zile 670 kamili. Ili V8 kubwa iweze kuzunguka hivyo, wahandisi waliibadilisha krenki. Kwenye V8 ya kawaida ya Marekani vishikio vya pistoni vya krenki vimepangwa kwa nyuzi 90, umbo la msalaba, na vinahitaji vyuma vizito vya kusawazisha. Kwenye Z06 vimepangwa kwa nyuzi 180, vyote kwenye bapa moja. Krenki inakuwa nyepesi, inapanda mizunguko upesi, na milipuko inapokezana upande mmoja na wa pili bila kurudia, hivyo moshi hutoka kwa mpangilio safi zaidi. Mtetemo unaongezeka, na mlio unakuwa ule mkali wa juu ambao watu wanauhusisha na magari ya Italia. Miguno mizito ya V8 ya Kimarekani haimo.

Corvette hii pia ndiyo ya kwanza katika ukoo wake kuwa na injini nyuma ya dereva, tangu gari la 2020. Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette aliyejiunga na General Motors mwaka 1953, alilipigania wazo hilo kwa miongo na akafariki 1996 bila kuliona sokoni. Faida yake inarudi kwenye matairi: uzito mkubwa ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, yanashika zaidi. Ndiyo maana hata ile ya bei ya chini, yenye nguvu farasi 490 tu, inachomoka kama ilivyo.

Camaro ya Chevrolet na Challenger ya Dodge zilifungiwa pazia mwishoni mwa 2023, kwa hiyo Mustang ndiyo iliyobaki kama gari la spoti la Marekani lenye V8 mbele, giaboksi ya mkono kwa anayeitaka, na viti vinne. GT ya 2024 ina V8 ya lita 5.0, nguvu farasi 480. Hapa anayenunua kupitia Uingereza awe macho: Mustang GT ya soko la Ulaya, kwa sababu ya kanuni za moshi, inatangazwa kwa 446 tu, na hizo ni nguvu farasi za Ulaya ambazo kila moja ni ndogo kidogo kuliko ya Marekani. Ukiona 480 kwenye video ya Marekani na 446 kwenye hati ya gari lililotoka London, hakuna aliyeichakachua injini.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki Mustang ina sifa nyingine: tangu kizazi cha 2015 hutoka kiwandani na usukani wa kulia. Corvette ya sasa nayo, ya kwanza katika ukoo wake. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto wala lililozidi miaka minane, kwa hiyo hayo mawili yana njia. Kwa wanaoishi Kongo, Rwanda, Burundi au nchi za Ghuba, ambako watu hupita kulia, gari la Marekani linafaa kama lilivyo.

Petroli nayo isomwe kwa uangalifu. Pampu ya Marekani huonyesha wastani wa vipimo viwili vya okteni (uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati), wakati pampu zetu huonyesha kimoja, RON, ambacho huwa juu. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni karibu RON 91 au 92, na 91 yao ni karibu RON 95. Kitabu cha gari kikiomba 91, usidhani RON 91 inatosha. Injini ya kisasa haitavunjika siku hiyohiyo, maana kompyuta yake husikia petroli ikilipuka kabla ya wakati na kurudisha cheche nyuma, lakini nguvu na torki vinashuka. Zile namba za EcoBoost nilizoanza nazo zilipatikana kwa petroli ya daraja la juu.

Pikapu kubwa ndizo zenye ugumu. F-150, Silverado na Ram 1500 hutoka kiwandani na usukani wa kushoto. Zenye usukani wa kulia unazoziona zikiuzwa zimegeuzwa baadaye, na nyingi zilizogeuzwa kitaalamu zilifanyiwa kazi hiyo Australia kwa ajili ya soko la huko, ambako dashibodi, rafu ya usukani, waipa na mifuko ya hewa hutengenezwa upya. Kugeuza kunaongeza kilo na kunabadilisha uzito unaoruhusiwa kisheria, na kazi iliyofanywa vizuri huacha bamba jipya la uzito kwenye bodi. Mwombe muuzaji akuonyeshe bamba hilo kabla hamjazungumza bei.